Barua ya wazi kwa Benki Kuu: mruhusuni wakala wa kisiwani apokee hundi

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,
Kwa viongozi wa Chama cha Mabenki nchini Kenya,
Na kwa mameneja wa matawi ya benki yaliyoko mji wa Lamu.

Waheshimiwa, assalaam aleikum.

Nawaandikia kutoka Siyu, kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kazi za mikono. Twasuka mikeka na vikapu, twashona kofia na viatu vya ngozi, na wateja wetu wakubwa ni hoteli na maduka ya Shela na ya mji wa Lamu, tunaouita Amu. Wengi wao hulipa kwa hundi. Ombi langu nalisema mapema ili asiyekuwa na wakati wa kusoma yote alijue: mwongozo wa uwakala wa benki wa mwaka 2010 ulimkataza wakala kupokea hundi, na katazo hilo twaomba liondolewe, ili mtu wa kisiwani aiweke hundi yake kwa wakala aliye jirani naye, kwa njia ya picha, na aambiwe kwa maandishi ni siku gani pesa zitakuwa tayari.

Najua kuna atakayeuliza: hundi za nini tena, na simu mnazo? Swali la haki. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 tuliishukuru, na hadi leo sokoni kwetu ndiyo njia ya kila siku. PesaLink nayo ipo tangu 2017, yahamisha hadi shilingi 999,999 kwa mara moja kutoka benki moja hadi nyingine, na hatuikatai. Lakini anayechagua njia ya malipo ni anayelipa, si anayelipwa. Hoteli ina mhasibu anayeandika hundi na mkurugenzi anayetia sahihi, na hawataki kuubadilisha utaratibu huo kwa ajili ya mikeka ishirini. Wala siwalaumu, maana sisi wenyewe tuko hivyo hivyo. Akaunti ya kikundi ina watia sahihi watatu, na hundi haitoki bila sahihi mbili. Mwenyekiti hawezi kuzihamisha pesa za watu peke yake usiku, na mimi siwezi. Kina mama walioweka akiba zao mle hulala kwa sababu hiyo. Basari za watoto nazo, yaani misaada ya karo, za kaunti na za mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge (NG-CDF), mara nyingi huja kwa hundi zilizoandikwa jina la shule. Kwa hiyo hundi bado zimo maishani mwetu, na hatukuziweka sisi.

Niieleze kwanza safari ya hundi, kwa faida ya wenzangu watakaoisoma barua hii, kwani wengi wamechoka kuambiwa "subiri" bila kuambiwa wanasubiri nini.

Hundi ya benki ileile uliyo na akaunti haina safari. Benki yatazama akaunti mbili zilizo ndani ya nyumba moja, yatoa huku yatia kule, na aghlabu mambo huisha siku hiyohiyo. Hundi ya benki nyingine ndiyo yenye njia. Zamani karatasi yenyewe ilisafirishwa hadi Nairobi, benki zikakutana kubadilishana hundi, kila moja ikachukua zake na kuzikagua sahihi na salio, na zile mbovu zikarudi kwa njia ileile zilikopitia. Siku tatu za kazi ilikuwa hesabu ya mtu wa mji mkuu. Wa mbali alingoja zaidi. Kisha, Agosti 2011, mambo yakageuka: karatasi ikaacha kusafiri. Tangu hapo benki uliyoiwekea hundi huipiga picha mbele na nyuma, na mashine husoma ule mstari wa namba ulio chini, uliochapwa kwa wino wa sumaku, wenye namba ya hundi, ya benki, ya tawi na ya akaunti. Picha na namba hutumwa kwenye kituo cha kubadilishana hundi Nairobi, kinachoendeshwa na Chama cha Mabenki, na kutoka hapo huenda benki ya aliyeandika. Huko hutazamwa kwenye kompyuta: tarehe, sahihi, kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, kama kuna palipofutwa, kama salio latosha. Karatasi hubaki ilipowekwa. Hesabu baina ya benki na benki humalizwa kwenye akaunti zao zilizoko Benki Kuu. Muda ukashuka hadi siku moja ya kazi. Na hundi inayozidi shilingi milioni moja haipiti kabisa kwenye kituo hicho tangu Oktoba 2009. Pesa za kiasi hicho baina ya benki mbili lazima zipite kwenye KEPSS, ule mfumo wa malipo ya papo kwa papo ulioanza 2005.

Kazi hiyo ilifanywa vizuri na nawapongeza waliohusika. Mfanyabiashara wa Nairobi au Mombasa aliyekuwa akingoja siku tatu au zaidi, leo aweka hundi Jumatatu asubuhi na Jumanne au Jumatano aandaa malipo ya wafanyakazi.

Sasa utazameni upande wetu. Tukitaka tawi la benki twaenda Amu. Kutoka Siyu mashua hupita kwenye kijito chenye mikoko, na kijito hicho hakipitiki maji yakiwa yametoka. Mbele yake kuna mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, nao vilevile hungoja maji. Saa ya kuondoka haipangwi na nahodha wala abiria. Maji yakijaa alfajiri, twaondoka alfajiri na twafika benki ikifunguliwa. Yakijaa adhuhuri, twapanda ngazi za gati la Amu na kukuta saa ya kupokea hundi za siku hiyo imepita; hundi yachukuliwa, lakini yahesabiwa ni ya kesho. Ikiwa kesho ni Jumamosi, tia siku mbili zaidi. Kisha kurudi nako kuna maji yake. Mwenye jamaa katika mitaa ya Amu, Langoni au Mkomani, atalala kwao, asiye na jamaa atalipa pa kulala. Na hii ni hali ya bahari shwari. Kusi ikichafuka, mashua hukaa, na hundi hukaa mfukoni na mwenyewe.

Kwa hundi kubwa twavumilia. Lakini hundi zetu si kubwa. Mama aliyeuza kofia mbili akalipwa kwa hundi ya shilingi elfu nne, akitoa nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na siku mbili alizoacha kushona, hana alichouza. Kwa hiyo huifanya nini? Huiweka ndani ya msahafu au kwenye kasha mpaka apatikane mtu anayekwenda Amu, naye huombwa na watu wengi, na hundi za jirani zote hutiwa kwenye bahasha moja ya mtu mmoja anayeshuka na kupanda mashua. Tukisikia mashua imeingia maji, swali la kwanza ni la watu, alhamdulillahi, na la pili ni la bahasha.

Na haya yote twayafanya ili karatasi ifike mahali itakapopigwa picha.

Wakala wa benki tunaye hapa Siyu. Ana duka, ana kimashine chake, ana simu ya intaneti. Mimi humpelekea pesa taslimu za mauzo ya sokoni, azihesabu mbele yangu, aziingiza, kimashine chatoa risiti, na kabla sijafika nyumbani ujumbe wa benki umeshaingia kwenye simu yangu. Mwongozo wa 2010 ulimpa ruhusa ya kupokea taslimu, kutoa taslimu, kulipa bili na kuonyesha salio. Ukamkataza kupokea hundi na kuzilipa. Wakati ule katazo lilikuwa na akili, kwani wakala angepokea karatasi ambayo lazima isafirishwe mpaka tawini na kutoka tawini mpaka Nairobi, na ikipotea njiani hakuna ajuaye ilipopotelea. Lakini mwaka uliofuata karatasi ikaacha kusafiri. Sababu ikaondoka, katazo likabaki, na sisi ndio tunaoishi ndani ya katazo hilo.

Litazameni kwa jicho la usalama pia. Wakala anaaminiwa na shilingi laki moja taslimu, ambazo mwizi akizichukua hazina jina. Haaminiwi na hundi iliyopigwa mistari miwili, iliyoandikwa katikati ya mistari hiyo kwamba ni ya kuingia akaunti ya mlipwaji tu, ambayo mwizi akiichukua hawezi kuila isipokuwa kupitia akaunti yenye jina lililoandikwa juu yake. Hundi ya wazi, ile ya kulipwa mchukuaji kaunta, hiyo naikubali ibaki tawini, kwa sababu anayeishika ndiye mwenye nayo. Hatuombi wakala alipe hundi taslimu. Twaomba apokee za kuingia akaunti.

Nitachukua mfano wa mbali kidogo kwa sababu unatufaa sana. Marekani walikuwa wakisafirisha hundi kwa ndege, usiku kwa usiku, kutoka jimbo hadi jimbo. Ndege zilipozuiwa kuruka baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, hundi zilikwama na mabenki yakaona jinsi yalivyotegemea hali ya angani. Bunge lao likapitisha mwaka 2003 sheria iitwayo Check 21, ikaanza kazi tarehe 28 Oktoba 2004, ikaipa nakala iliyochapwa kutokana na picha nguvu ileile ya kisheria ya hundi ya asili. Mlango ulipofunguka, wengine wakaupita: kufikia 2009 kulikuwa na wateja wa benki wanaopiga picha hundi zao kwa simu wakiwa nyumbani. Kwao ndege zilisimama siku chache tu, na sheria ikabadilika. Kwetu mashua husimama kila mwaka.

Kuna jambo jingine kwao ambalo nalitamani zaidi ya hiyo picha ya simu, nalo ni tarehe. Kanuni yao iitwayo Regulation CC inapanga aina za hundi na siku zake. Hundi ya serikali kuu, au hundi iliyoandikwa na benki yenyewe na kupelekwa kwa karani mkono kwa mkono, pesa ziwe tayari siku ya kazi inayofuata. Hundi nyingi za kawaida, siku ya pili ya kazi. Benki ikitaka kuzuia zaidi, kwa sababu kiasi ni kikubwa mno au ina shaka na hundi, yatakiwa impe mteja ilani ya maandishi inayotaja sababu na siku pesa zitakapofunguliwa. Mteja aondoka na tarehe mkononi. Nikiwa na tarehe mkononi, najua nimwambie nini muuza ukindu, najua kama nivuke Alhamisi au nikae.

Lakini wana upungufu wao, nao tusiuige. Kule pesa zaweza kuonekana kwenye akaunti na mteja akazitoa kabla benki ya mwandikaji haijalipa kitu. Matapeli wameishi kwa pengo hilo. Humtumia mtu hundi bandia ya benki yenye kiasi kikubwa kuliko deni, humwomba arudishe ziada, na majuma mawili baadaye hundi yarudi ikiwa si kitu, na deni ni la yule aliyeiweka. Wenye nyumba za kupangisha wageni Shela na Amu, mnaopokea malipo ya watu msiowajua, lishikeni hili: pesa kuonekana si pesa kulipwa. Kwa hiyo tarehe tunazoomba sisi ziwe mbili, siku pesa zitakapoweza kutolewa, na siku ambayo baada yake hundi haiwezi tena kurudishwa.

Hundi za kutoka ng'ambo zenyewe, kwa anayezipata, ni habari nyingine kabisa. Picha zake haziingii kwenye kituo chetu. Benki inayokubali kuipokea huituma ikakusanywe huko ilikoandikwa, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa pamoja na ada. Ushauri wangu kwa wenzangu ni kumwambia mgeni atume kwa njia ya benki kwa benki.

Nirudi nyumbani, kwa hundi za kurudishwa, kwa sababu hapa ndipo kikundi chetu kilipoumia.

Hoteli moja ilitulipa oda ya mikeka ya barazani. Hundi ilikuwa safi, yenye mistari miwili, sahihi mbili, tarehe ya siku ile. Kwenye kisanduku cha tarakimu palikuwa na 62,500. Kwenye mstari wa maneno mhasibu aliandika elfu sitini na mbili, akaishia hapo, akachora mstari mpaka mwisho wa karatasi. Kaunta ya benki yetu, ambayo siitaji, ilipokea, ikapiga muhuri kwenye fomu, ikanirudishia nakala. Nilivuka kurudi Siyu. Picha ikaenda, ikakataliwa, ikarudi, na hakuna aliyeniambia. Hakuna ujumbe wa simu, hakuna simu iliyopigwa. Tulijua siku tuliyopeleka hundi yetu wenyewe ya kununua ukindu na nyuzi, nayo ikakosa pesa. Ada ya hundi ya hoteli iliyorudi tulikatwa sisi, na ada ya hundi yetu iliyokosa salio tulikatwa vilevile. Muuza ukindu hadi leo ataka taslimu mkononi kwanza.

Sheria ya hundi, Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, yasema maneno na tarakimu zikitofautiana, yashikwe maneno. Yaani kisheria hundi ile ilikuwa ya elfu sitini na mbili, na tungepungukiwa na mia tano tu. Lakini desturi ya mabenki ni kuirudisha, na naielewa, kwa sababu hakuna karani atakaye kubahatisha pesa za mtu. Nisichokielewa ni kwa nini kosa linaloonekana kwa macho lisionwe kaunta, mwenye hundi akiwa amesimama hapo hapo na hoteli yenyewe iko mwendo wa mguu kutoka benki. Kuisoma mistari miwili ni kazi ya nukta chache. Mameneja wa Amu, hili halihitaji Benki Kuu. Mwaweza kulianza kesho asubuhi.

Mtu wa mjini, hundi yake ikirudi, hupita benki akielekea kazini. Sisi kila hundi iliyorudi ni safari mbili za bahari, moja ya kuichukua na moja ya kuirudisha ikiwa imeandikwa upya.

Kuna pia hundi za tarehe ya mbele. Mvua za masika zikiingia hoteli nyingi hufunga, na mwenye hoteli aliyechukua mali Machi huandika hundi ya Julai. Si haramu kisheria, na mara nyingine ni uungwana, kwani hana na ataka kukupa uhakika. Lakini jueni, ndugu zangu, uhakika huo ni mwembamba. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu chamtia hatiani anayeandika hundi akijua akaunti haina pesa, faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili, ila sehemu hiyo ya kukosa pesa haiigusi hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Ikirudi, utamdai kama deni la kawaida. Mwenye shaka na mteja amwombe hundi ya benki, ambayo pesa zake zimeshakatwa kwenye akaunti ya mnunuzi kabla karatasi haijatoka.

Basari nimeiacha mpaka hapa kwa sababu yaniuma zaidi. Hundi moja huandikwa kwa jina la shule, kwa watoto wengi kwa pamoja, na orodha ya majina yapaswa kufuatana nayo. Katika visiwa vyetu hundi huja na mtu mmoja, orodha huja na mtu mwingine, au haiji. Mhasibu wa shule hawezi kumpa mtoto stakabadhi ya karo kwa pesa asizojua ni za nani. Naye kuiweka hundi lazima avuke, na hawezi kuiacha ofisi kila wiki, basi hungoja zikusanyike. Hundi huishi miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Ikikaa kwenye afisi za kaunti, ikakaa tena ikingoja hafla ya kukabidhiwa na kupigwa picha na wakubwa, ikakaa tena shuleni ikingoja mashua, miezi sita si mingi. Ikipita, yarudi kuandikwa upya, na muhula umekwisha. Mtoto amekaa nyumbani kwa karo ambayo serikali imeshaitoa. Mzazi aambiwa "pesa zako zipo", na kweli zipo. Kama mhasibu yule angeiweka hundi kwa wakala siku ileile ilipomfikia, na picha ya orodha ikaambatana na picha ya hundi, nusu ya ugonjwa huu ungepona.

Najua jibu ninaloweza kupewa: udanganyifu. Mtu ataweka picha kwa wakala asubuhi na karatasi tawini jioni, alipwe mara mbili. Tena picha ya simu haionyeshi wino wa sumaku wala alama zinazoonekana chini ya taa maalumu. Ni hofu ya kweli. Lakini wengine wameshaipitia. Marekani wameandika tangu Julai 2018 kwamba benki iliyopokea hundi kwa picha bila kuichukua karatasi ndiyo inayobeba hasara ikiwa karatasi hiyo italipwa kwingine, isipokuwa kama nyuma yake iliandikwa sharti la kuwekwa kwa simu tu. Kwa wakala ni rahisi zaidi, maana karatasi haibaki na mteja hata kidogo. Wakala aipiga muhuri wa kuibatilisha mbele ya mteja, aitia kwenye mfuko wa benki uliofungwa, na mfuko waenda tawini bahari ikiruhusu, wala hakuna anayeungoja. Wekeni kiwango: hundi zisizozidi kiasi fulani, zenye mistari miwili, na mwekaji awe ndiye mlipwaji mwenye akaunti katika benki ya wakala huyo. India wameongeza kinga nyingine tangu Januari 2021, ambapo anayeandika hundi ya rupia 50,000 na zaidi aweza kuiarifu benki yake mapema namba, tarehe, jina na kiasi, na picha ikifika hulinganishwa na taarifa hiyo. Hoteli zetu zingelifanya hilo kwa simu. Na India hiyohiyo, tangu tarehe 4 Oktoba 2025, hundi hazikusanywi tena kwa mafungu ya kungoja. Huingia na kujibiwa mfululizo mchana kutwa. Nchi ambayo hundi zake ni nyingi mno kuliko zetu imeweza.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Gavana, kwako twaomba mwongozo wa uwakala uangaliwe upya katika kipengele hicho cha hundi, na uweke sharti la tarehe mbili kwenye kila risiti ya hundi, iwe ya wakala au ya kaunta. Kwa Chama cha Mabenki: hundi ikirudishwa, ujumbe uingie kwenye simu ya aliyeiweka siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, utaje sababu kwa maneno kamili, si herufi mbili za Kiingereza ambazo mama wa Siyu atamwonyesha kila mwalimu wa kijijini. Ada ya kurudishwa ikatwe kwa aliyekosea, na aliyelipwa hundi yenye kasoro hakukosea. Kwa mameneja wa Amu: zisomeni hundi zetu kaunta kabla ya muhuri, na mtu aliyeshuka mashua na saa yenu ya mwisho imepita kidogo, mtafutieni njia, kwani wengine wenu ni watu wa visiwa hivi na mwayajua maji.

Mkitaka mahali pa kujaribia, jaribuni hapa. Wakala yupo na ameniambia yu tayari kufundishwa. Kikundi chetu kitaweka hundi zake zote kwake kwa muda mtakaoutaka, shule ikikubali nayo itaingia, na mimi nitaandika daftari la kila hundi, siku iliyowekwa, siku iliyolipwa au kurudi, na sababu, niwaletee. Hoteli mbili za Shela zinazotununulia nimezungumza nazo. Ziko radhi kutuma taarifa za hundi mapema benki yao ikiwafungulia njia. Kinachokosekana ni ruhusa yenu, na hiyo haipatikani hapa Siyu.

Twangoja majibu yenu, ya ndiyo au ya bado, pamoja na sababu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina,
Kikundi cha kazi za mikono,
Siyu, Pate, Kaunti ya Lamu.